"Daktari, mimi chumvi sigusi kabisa"

Hii naisikia kliniki karibu kila siku. Mtu presha inasoma 160 kwa 100 na anaapa chumvi ya mezani hagusi, na wala hadanganyi jamani, ila chumvi yenyewe ilishaingia zamani, iko kwenye mkate, soseji, jibini, supu za pakiti, na mkate ndo unaongoza kwa kutudanganya maana ulimi hausikii chumvi hata kidogo lakini unaula kila siku.

Mkorofi ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Ikizidi mwilini inashikilia maji, unasikia kiu unakunywa, figo zinachelewa kuitoa, basi damu inaongezeka ndani ya mishipa ileile na presha inapanda. Figo za wengine zinaitoa fasta, za wengine, hasa wazee na wenye figo zilizochoka, zinasuasua, ndo maana watu wawili wanakula chungu kimoja na presha inampanda mmoja tu. Sasa moyo ukisukuma kwa nguvu hivyo miaka na miaka msuli wake unanenepa, na huu sio ule unene wa mazoezi, huu unakakamaa mpaka moyo unashindwa kujaa damu vizuri. Mshipa wa ubongo ukipasuka au kuziba, hicho ni kiharusi.

WHO wanasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu vyote. Dunia kwa wastani inakula karibu mara mbili ya hiyo. Lebo ikiandika sodiamu zidisha kwa 2.5: miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi hizo.

Chumvi ya pinki? Sodiamu ni ileile, umelipia rangi. Ile iliyochanganywa na potasiamu ndo kitu kingine, China waliijaribu kwa watu karibu 21,000, wengi walishapata kiharusi, na majibu ya 2021 yalionyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14. Ila kama figo zako mbovu au unatumia dawa zinazopandisha potasiamu usiiguse kabla ya kuongea na daktari wako, potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Ukipunguza, wiki za mwanzo chakula kitakuwa kama karatasi, vumilia. Ulimi unazoea, wagonjwa wangu wakirudi baada ya miezi miwili wananilalamikia supu ya pakiti siku hizi ina chumvi sana, kumbe ni ileile.