Je, wajua kwa nini chipsi za moto zinahitaji leseni Uingereza ikishapita saa tano usiku?

Slesi mbili za mkate zenye jibini katikati, zilizofungwa kwenye nailoni na kutolewa kwenye friji, zinauzwa London saa nane za usiku na hakuna wa kukuuliza. Chukua slesi hizohizo, zibane kwenye kibaniko hadi jibini iyeyuke, mkabidhi mteja akulipe. Hapo umeshafanya biashara inayotaka leseni ya halmashauri, na kama huna unaweza kujikuta kizimbani. Adhabu ni faini isiyo na kikomo, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Chipsi, kuku wa kukaanga, supu, hata chai ya kikombe, vyote vimo, mradi ni vya moto na mradi ni kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Sasa moto umekosa nini?

Anayesema hivi ni Sheria ya Leseni ya 2003, iliyoanza kutumika England na Wales tarehe 24 Novemba 2005. Uskoti wana sheria zao. Sheria hiyo iliweka chini ya dari moja mambo manne: kuuza pombe kwa rejareja, kuwapa pombe wanachama wa klabu, burudani za hadharani, na hicho kinachoitwa kiburudisho cha usiku, yaani chakula au kinywaji cha moto. Kwa hiyo baa inayojaza watu mia tatu na kijiduka cha kebab chenye meza mbili wanapeleka fomu kwenye ofisi ileile, na wakikataliwa wanakataliwa na watu walewale.

Waliotunga kifungu cha chakula walikuwa wanawajua wafanyabiashara. Ukijitetea kwamba wewe unauza pai baridi, maikrowevu ile pale ukutani, mteja ajipashie mwenyewe, umenaswa: chakula kinachoweza kupashwa humohumo dukani baada ya kuuzwa kinahesabiwa kuwa cha moto. Ukisema wateja wako hawakai, wanabeba na kuondoka, umenaswa tena, maana sheria haijali kinaliwa wapi. Wanaosalimika ni wachache. Anayegawa bure, shirika la hisani lililosajiliwa, hoteli inayomhudumia mgeni aliyelala humo, kantini ya kiwanda inayolisha wafanyakazi wa zamu ya usiku, mashine ya kahawa ambayo mteja anatumbukiza sarafu mwenyewe. Na kuna msamaha mmoja unaonichekesha kila nikiusoma: chakula kinachouzwa ndani ya gari linalotembea. Gari likisimama, hata kama limeegeshwa kwa muda tu, msamaha umekwisha.

Ukiutazama msururu huo wa misamaha utaona kwamba sheria haikuwahi kuogopa chakula. Usalama wa chakula una sheria zake na wakaguzi wake, na samonela haisubiri saa tano usiku. Kinachoogopwa ni watu waliosimama. Mgeni wa hoteli anakula chumbani. Mfanyakazi wa zamu anakula na kurudi kwenye mashine. Bali chipsi za moto saa saba usiku zinamsimamisha njiani mtu aliyekuwa anakwenda zake nyumbani, pembeni yake anasimama mwingine, na wote wawili wametoka baa mbili tofauti wakishangilia timu mbili tofauti. Mwongozo ambao serikali huwapa madiwani unalisema bila kuzunguka: chakula cha moto cha usiku kinadhibitiwa kwa sababu mara nyingi kinahusiana na fujo za ulevi, kwenye maduka ambako wanywaji hukusanyika.

Na kwa nini saa tano, si saa nne wala saa sita? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo.

Tangu 1552, enzi ya Mfalme Edward VI, mwenye kilabu cha pombe England alitakiwa apate kibali cha mahakimu wawili wa eneo lake. Kazi hiyo ilibaki mikononi mwa mahakimu kwa zaidi ya karne 4. Migahawa ya usiku nayo haikuachwa: sheria ya 1860 iliitaka iwe na leseni, na nyingine ikafuata mwaka 1969. Hivyo wanaodhani kudhibiti chipsi ni wazimu wa siku hizi wamekosea kwa zaidi ya miaka mia.

Saa za baa ndizo zilizobadilishwa sana na vita. Mwaka 1914 Uingereza iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia, na serikali ikawa na hofu kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanakunywa kupita kiasi. David Lloyd George, aliyekuwa waziri wa fedha, alisema mwaka 1915 kwamba wanapigana na Ujerumani, Austria na pombe, na kwamba adui mkubwa kuliko wote hao ni pombe. Saa zikapunguzwa, baa zikaamriwa zifunge alasiri, na katika maeneo mengi hata kumnunulia mwenzako bia kukawa kosa. Huko Carlisle, karibu na mpaka wa Uskoti, serikali ilinunua kabisa baa na viwanda vya bia ikaviendesha yenyewe, na haikuviachia hadi 1973. Amri ya kufunga alasiri iliyowekwa kwa ajili ya vita ilikuja kuondolewa England mwaka 1988, na Jumapili ikasubiri hadi 1995. Ukitaka kujua neno "kwa muda" lina urefu gani kinywani mwa serikali, hapo umepata kipimo.

Mwisho wa siku ya kawaida ulikuwa saa tano usiku. Kengele inalia, wateja wanapewa dakika 20 za kumalizia glasi, kisha milango yote ya mtaa inafunguka kwa pamoja. Mamia ya watu wanamwagika barabarani kwa wakati mmoja, wana njaa, na basi la mwisho ni moja. Wanakwenda wapi? Kwenye taa ya duka la chipsi. Sheria ya 2003 ilitaka kuvunja hilo wimbi kwa kufuta saa moja ya kufunga kwa wote, kila baa ijiombee saa zake. Magazeti yakapiga kelele kwamba nchi sasa itakunywa saa 24. Saa tano ya zamani ikafa kwa upande wa bia lakini ikabaki hai kwa upande wa chipsi, kama mzimu wa kengele ile.

Tuje kwa wanaoamua. Wengi hufikiri madiwani wanakaa na kuchagua duka gani lifunguliwe na lipi lisifunguliwe. Ukweli ni kwamba maombi yasiyopingwa hayafiki hata mezani kwao. Mwombaji anapeleka fomu, analipa ada kulingana na thamani ya jengo, kuanzia pauni 100 hadi 635 kwa ngazi za kawaida, kisha anabandika tangazo mlangoni. Tangazo hilo lazima liwe karatasi ya rangi ya samawati iliyopauka, ya saizi ya A4 au zaidi, na herufi zake zisiwe ndogo kuliko namba 16. Linakaa siku 28. Analitangaza pia kwenye gazeti la eneo. Siku hizo zikipita bila pingamizi lenye uzito, halmashauri haina hiari: lazima itoe leseni. Kunyamaza ni kukubali, na hapa msemo huo una nguvu ya sheria.

Ndiyo maana ukiishi Leicester au London mashariki, ile karatasi ya samawati kwenye dirisha la duka si ya kuipita. Sheria inaziruhusu mamlaka fulani kupinga, kama vile polisi, zimamoto, afya ya mazingira na ulinzi wa watoto, lakini inamruhusu na mkazi yeyote. Huhitaji wakili wala uraia. Unaandika barua.

Barua yenyewe ndiyo inayowashinda watu. Sheria inatambua malengo manne tu: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa umma, kuzuia kero kwa umma, na kuwalinda watoto dhidi ya madhara. Ukiandika kwamba pombe ni haramu, barua yako haitahesabiwa. Ukiandika kwamba nyumba yako itashuka bei, hali kadhalika. Ukiandika kwamba mtaa una maduka kumi ya kebab na la kumi na moja halihitajiki, utajibiwa kwamba uhitaji ni jambo la soko. Uskoti wameongeza lengo la tano, afya ya jamii. England hawana, kwa hiyo daktari anayelalamikia mafuta ya kukaangia hana mlango wa kuingilia. Lakini ukiandika kwamba chumba cha watoto kinatazama uchochoro ambamo wateja watakuwa wanapiga soga saa nane usiku, na kwamba usiku wa Ijumaa fulani uliamka mara tatu, hapo umegusa lengo la tatu na lazima usikilizwe.

Kusikilizwa maana yake ni kikao cha madiwani watatu wa kamati ndogo ya leseni. Si mahakama, ingawa kila upande unaketi kwa woga kama wa mahakamani. Madiwani ndio wanaoongoza mazungumzo, na mawakili hawaruhusiwi kuhojiana kama kwenye kesi mpaka kamati iridhie. Mara nyingi uamuzi si ndiyo wala hapana, ni masharti. Mwisho saa saba badala ya saa tisa. Mabaunsa wawili wenye leseni kila Ijumaa na Jumamosi. Kamera mlangoni. Mwenye duka aokote makopo na maboksi ya chipsi yaliyotupwa njiani baada ya kufunga. Zamani sharti lilitakiwa liwe la lazima ndipo liwekwe. Tangu 2012 inatosha likiwa linafaa, na mawakili wa baa watakuambia neno hilo moja limewagharimu kiasi gani.

Kuna pia mitaa iliyokwisha kujaa. Halmashauri ya Westminster, inayosimamia Soho na West End, mitaa ya starehe katikati ya London, ina sera inayosema baadhi ya maeneo yamebeba madhara ya kutosha, hivyo baa au duka jipya la usiku litakataliwa isipokuwa mwombaji aonyeshe kwamba hataongeza mzigo. Hii si hoja ya uhitaji niliyoitaja, ingawa zinafanana kama pacha. Swali hapa si kama watu wanataka chipsi zaidi, ni kama mtaa unaweza kubeba matapishi zaidi.

Asiyeridhika ana siku 21 za kukata rufaa kwa mahakimu, walewale waliopokonywa kazi mwaka 2005. Kesi inayotajwa sana ilizaliwa Soho hiyohiyo, kwenye baa iliyoitwa Endurance, mtaa wa Berwick. Wakazi walichoshwa na kelele za wanywaji waliosimama nje, na halmashauri ikaamuru kwamba ikishafika saa kumi na mbili jioni hakuna kutoka na kinywaji mlangoni. Wenye baa walikata rufaa hadi Mahakama ya Rufani, wakashindwa mwaka 2011. Majaji walieleza kwamba uamuzi wa leseni ni kupima mizani: faida ya biashara, starehe ya wateja, usingizi wa majirani. Anayekata rufaa ndiye wa kuonyesha kwamba madiwani walikosea. Kwangu mimi hukumu hiyo iliwapa madiwani heshima ambayo wengi wao hawakuijua kuwa wanayo.

Msomaji wa Kenya ataona sura anazozijua. Katiba ya 2010 iliweka leseni za pombe kuwa kazi ya kaunti, na sheria ya pombe ya mwaka huohuo, watu wanayoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilizipa baa za kawaida mwisho wa saa tano usiku, saa ileile. Tofauti ni kwamba sheria hiyo ni ya pombe. Muuza mutura, ile soseji ya matumbo, wa nje ya baa ana vita vyake na askari wa kaunti, ila havitokani na joto la mutura wake.

Mwaka 2015 bunge la Uingereza lilikiri kwamba kamba imekazwa mno. Mtu anayenunua kahawa kwenye kituo cha mafuta saa tisa usiku, kuna dereva mmoja wa lori na yeye, anamkera nani? Basi halmashauri zikapewa ruhusa ya kusamehe maeneo fulani, saa fulani, au aina fulani za majengo, kama vituo vya mafuta na hospitali. Zimepewa ruhusa, hazikulazimishwa. Kwa hiyo dereva yuleyule, kwenye safari moja ya usiku mmoja, anaweza kununua kahawa ya moto isiyohitaji leseni, akavuka mpaka wa halmashauri asioujua, na kituo kinachofuata akakuta mashine ya nyuma ya kaunta imezimwa na vinywaji vya friji vimejaa tele.