Moshi wa taka na mkaa: kihatarishi cha kisukari kisichozungumzwa

Malalamiko ya moshi wa taka yanaongezeka mitaani, na mengi yanapokelewa kama ugomvi wa majirani. Nguo zilizoanikwa zinanuka, mtoto anakohoa, mlalamikaji anaambiwa avumilie, utapita. Tunaomba suala hili lisichukuliwe hivyo tena. Hewa chafu inayovutwa mwaka hadi mwaka imo katika orodha ya vihatarishi vya kisukari cha aina ya pili.

Bado tunasikia, hata kwenye foleni za kliniki, kwamba kisukari ni ugonjwa wa wanaokunywa chai tamu. Dhana hii imechelewesha watu wengi kupima, na inasikitisha kwamba haijaisha. Moshi una chembe laini ziitwazo PM2.5, zisizozidi mikromita 2.5 kwa kipenyo. Pua haizizuii. Zinafika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo kabisa hupenya hadi kwenye damu. Mwili hujibu kwa uvimbe wa ndani usiokuwa na maumivu, na uvimbe huo ukidumu, ini na misuli huacha kuitikia ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, hadi inaposhindwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia maveterani wa jeshi la Marekani wapatao milioni 1.7, ambao mwanzoni hawakuwa na kisukari, kwa takriban miaka 8 na nusu. Waliovuta chembe hizi kwa wingi zaidi waliugua zaidi, hata pale ambapo hewa ilikuwa ndani ya kiwango kilichoruhusiwa nchini humo. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2016 wagonjwa wapya wa kisukari milioni 3.2 duniani walihusishwa na hewa chafu. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu cha chembe hizi linachopendekeza mwaka 2021, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka.

Hii haimaanishi kuwa unene, kutofanya mazoezi na urithi wa familia havina uzito. Vina uzito mkubwa. Ila mlo mtu anaweza kuuchagua, hewa ya mtaani kwake hawezi.

Kuna wanaosema mkaa hauna shida kwa kuwa hautoi moshi. Kutoonekana kwa moshi si ushahidi wa usalama: jiko la mkaa hutoa chembe laini na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, hasa ndani ya chumba kilichofungwa. Ndiyo maana Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa.

Kuhusu taka, utaratibu ni huu. Toa taarifa kwanza kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kwa maandishi, ukitaja mahali, siku, saa na kinachochomwa, kisha ubaki na nakala. Pasipochukuliwa hatua, peleka nakala hiyo kwa afisa mazingira wa halmashauri. Kiwanda au karakana inayotoa moshi, taarifa yake iende pia ofisi ya kanda ya NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Mkaguzi wa mazingira ana mamlaka ya kuingia, kukagua na kutoa amri ya kusitisha shughuli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka kwa kosa la uchafuzi faini ya kuanzia shilingi milioni 3 hadi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Kusema "nilikuwa nafukuza mbu" si utetezi.

Kama umeishi miaka mingi jirani na dampo, barabara kubwa au jiko la kuni, pima sukari ukiwa hujala kwa saa nane au zaidi. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kinahitaji kurudiwa siku nyingine kabla ya kuthibitisha ugonjwa. Kati ya 6.1 na 6.9 bado hujaugua, lakini usiondoke kituoni kabla ya kuzungumza na mtoa huduma.