Je, wajua miungu ya kale iliingiaje kwenye karata za taroti?

Kama unacheza karata barazani, taroti, karata ambazo leo wengi hupigia ramli, si ngeni kwako kama unavyodhani. Kopa kwa Kireno ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na yale tunayoyaita maua Mreno huyaita fimbo. Vikombe, sarafu, panga na fimbo ndivyo vilivyopamba taroti ilipozuka kaskazini mwa Italia, miaka ya 1440 hivi. Karata zake za picha ziliitwa trionfi, ndugu wa neno letu turufu. Ulikuwa mchezo, si ramli.

Upagani ukatoka wapi? Mwaka 1781 mchungaji wa Kiprotestanti, Antoine Court de Gébelin, aliandika kule Paris kwamba taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri. Ushahidi hakuwa nao. Lakini nani angembishia, wakati maandishi ya Misri ya kale yalikuja kusomeka 1822? Uzushi ukanoga, na wachoraji wakaanza kuchora kana kwamba ni kweli.

Chukua karata ya picha namba mbili. Kwenye seti ya kina Visconti na Sforza, watawala wa Milano, ni mwanamke aliyevaa kitawa, kichwani taji la papa la ngazi tatu: Papa wa kike. Sasa itazame ya London, 1909, aliyoichora Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, mwandishi wa elimu za siri. Taji limegeuka pembe mbili zilizokumbatia duara, la Isis hilo, mungu wa kike wa Misri. Mwezi mwandamo umelala miguuni. Nyuma kuna pazia la makomamanga, tunda lililomfunga Persephone, mungu wa kike wa Wagiriki, huko kuzimu. Kifuani msalaba, mkononi gombo lenye neno TORA, yaani Torati. Mchanganyiko huo ungeweza kuwa vurugu tupu, lakini umetulia.

Smith alikuwa amefanya kazi kwenye tamthilia, na inaonekana: watu wake wamesimama kama walio jukwaani. Hata karata za namba, ambazo zamani mara nyingi zilikuwa panga tano au vikombe vitatu basi, alizipa watu na visa. Ndiyo maana wachoraji wa leo wa mazimwi, majini na misitu ya ajabu humrudia yeye. Hubadili mavazi, mkao ukabaki uleule. Seti kadhaa za wapagani wa sasa zimemwondoa Shetani kwenye karata yake na kumweka Cernunnos, mungu wa Wakelti mwenye pembe.

Pembeni mwa karata zake Smith alitia saini ya herufi zake tatu zilizosokotana. Mwaka uleule wa 1909 alimwandikia rafiki yake kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kiduchu.