Kwa nini ndege huyu wa pwani hutaga yai lake chini ya mchanga?

Maji yakipwa kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, utamwona juu ya tope: ndege mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, kimo chake kama sentimita 40. Ananyata, anasimama kidogo, halafu anachomoka mbio na kunyakua kaa. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hupigwapigwa na ule mdomo mweusi mnene mpaka akatike vipande. Wanasayansi humwita Dromas ardeola, na katika familia yake ya kibayolojia hana ndugu hata mmoja.

Lakini kioja chenyewe hukioni Mida, kwa sababu hapa hatagi. Karibu na mwezi wa Aprili, upepo wa kusi ukianza kushika, wakubwa huelekea kaskazini kama majahazi ya zamani: Somalia, visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba ya Uajemi. Huko huchimba mashimo mchangani, marefu kuliko urefu wa mtu pengine, mengi pamoja kwenye kisiwa kimoja. Mwishoni mwa shimo jike hutaga yai moja tu, jeupe. Ndege wengine wengi wa pwani wa namna yake hutaga juu ya ardhi mayai yenye madoadoa, ili yasionekane kwenye kokoto. Yai lililo gizani lina haja gani ya madoa?

Sababu ya kuchimba ni jua. Visiwa vile mwezi wa Juni mchanga wake haukanyagiki, na yai likiachwa wazi litaiva kabla halijaanguliwa. Ndani ya shimo joto hutulia kwenye nyuzi 35 hivi, mchana na usiku, na unyevu upo. Kwa hiyo mchanga wenyewe ndio unaoatamia! Wazazi huweza kwenda kuwinda na kuliacha yai hata zaidi ya siku mbili, na lisiharibike. Ila shimo halimzuii paka wala panya, na watu wakiwafikisha wanyama hao kisiwani, koloni zima liko hatarini.

Kifaranga naye ni wa ajabu. Vifaranga vya ndege wa namna hii kwa kawaida hutoka kiotani na kuanza kujitafutia chakula mara tu baada ya kuanguliwa. Huyu hukaa shimoni akiletewa kaa. Hata akishajua kuruka bado hajitegemei: husafiri na wazazi hadi huku kwetu, na kuanzia Agosti utamkuta kwenye fuo za Kenya na Tanzania, manyoya ya kijivujivu, akimfuata mzazi nyuma na kumlilia chakula.

Msimu wa kuzaliana ukirudi, wachanga wengi hawaendi. Ukiwaona pwani mwezi wa Juni, ujue wengi wao bado hawajafikia umri wa kuzaa.