Kuungama dhambi: maana yake katika maisha ya Mkristo

Kuungama ni kukiri mbele za Mungu dhambi uliyotenda, ukiitaja ilivyo, bila kuipunguza wala kumsukumia mwingine lawama. Toba ni kuipa dhambi hiyo mgongo. Msamaha ni Mungu kukuondolea hatia kwa ajili ya Yesu Kristo.

Tatizo letu kubwa, kwa maoni yangu, liko kwenye kuitaja. Chukua mweka hazina wa chama cha akiba kule Kayole. Ametoa shilingi 12,000 za wanachama akalipa kodi ya nyumba, kisha mkutanoni akadai kwamba kuna wawili ambao hawajatuma michango yao. Usiku anapiga magoti: "Bwana, nisamehe makosa yangu yote." Sala hiyo si mbaya, lakini hajaungama bado. Aseme: "Bwana, nimeiba pesa za chama, na nimewasingizia wenzangu wawili." Hiyo dhambi ya pili, ya kuwachafulia watu jina, ndiyo sala ya jumla huiruka.

Akishaitaja, ahadi ipo wazi katika 1 Yohana 1:9: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Msamaha umesimama juu ya uaminifu wa Mungu. Wingi wa machozi hauongezi kitu, wala siku za kufunga haziununui. Nawahurumia sana waumini wanaoungama dhambi ileile kila kesha, miaka nenda miaka rudi, kana kwamba Mungu hakusikia mara ya kwanza.

Makanisa yetu hufanya jambo hili kwa njia tofauti. Mkatoliki huungama kwa padri, akapewa malipizi na maondoleo; Mtaguso wa Laterano (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 1215 uliagiza afanye hivyo angalau mara moja kwa mwaka, na padri hawezi kufichua alichosikia kwa sababu yoyote ile. Waanglikana huungama pamoja ibadani. Wanauamsho, yaani watu wa uamsho wa kiroho wa Afrika Mashariki, ambao mkutano wao wa Kabete mwaka 1937 ulitikisa makanisa ya pande hizi, walizoea kusimama mbele ya ndugu na kusema waziwazi, kisha kurudisha walichoiba. Naiheshimu sana desturi hiyo. Ila dhambi ya faragha ikitangazwa kwenye maikrofoni, mara nyingi anayeaibika ni yule aliyetendewa.

Kurudisha nako ni sehemu ya jambo hili, na siku hizi tunakupita haraka mno. Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, alipe chote, na kuongeza sehemu ya tano. Kwa yule wa Kayole, hiyo ni shilingi 14,400. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne! Mkristo hafungwi na viwango hivyo vya torati, na kulipa hakumnunulii msamaha. Lakini mtu akisema ametubu huku pesa za wenzake bado ziko kwenye simu yake, hajaipa dhambi mgongo. Awatumie, kisha mkutanoni awasafishe jina wale wawili, palepale alipowasingizia.

Wanachama nao wakimsamehe, bado wana haki ya kumpa mtu mwingine kazi ya kushika pesa. Kusamehe ni kuachilia kinyongo na kisasi; kuaminiwa tena huchukua muda, na hakuna andiko linalolazimisha kuwe kwa siku moja. Nyumbani ni vivyo hivyo. Mke aliyepigwa anaweza kumsamehe mumewe kwa moyo wake wote huku akiendelea kukaa kwa dada yake, na mchungaji anayemharakisha arudi kwa sababu "mume ameshaungama" anamkosea mama huyo, na mume pia.