Je, wajua kwa nini mtu akipita miaka 40 hushindwa kutunga uzi kwenye sindano?

Katika mialo ya Mwanza, kama ule wa Kirumba, fundi wa nyavu aliyepita miaka 40 huanza kuishika sindano mbali na uso anapotunga uzi, ingawa mtumbwi ulio mbali ziwani anauona vizuri kama alivyouona ujanani. Akiuliza sababu, mara nyingi huambiwa kwamba macho yamechoka kwa kazi nyingi, na tena asikimbilie miwani kwa kuwa miwani hulemaza macho. Maelezo yote mawili si sahihi, na yale ya pili huwagharimu watu riziki yao.

Ni rahisi kuona imani hiyo ilikotoka. Mtu huanza na miwani yenye nguvu ya +1.00 akiwa na miaka arobaini na kitu, baada ya muda haimtoshi tena, akahitaji +1.50, kisha +2.00, hadi kufikia +2.50 hivi anapokaribia au kupita miaka 60, na kila anayemtazama huona kwamba miwani ndiyo iliyomdhoofisha. Lakini asiyevaa miwani kabisa hupita njia hiyo hiyo, ila yeye hana namba za kumwonyesha alikofika. Wala kusoma sana si chanzo. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Kongwa, eneo la wakulima na wafugaji, na kuchapishwa mwaka 2006 uliikuta hali hii ya kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu kwa takriban asilimia 62 ya watu wenye miaka 40 na zaidi. Huko Assam, India, wachumaji wa majani ya chai wa umri huo walipopewa miwani ya karibu katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, uzito wa majani waliyochuma uliongezeka kwa takriban asilimia 22 zaidi ya ongezeko la wenzao ambao walikuwa bado hawajapewa.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba upungufu huu huanza utotoni. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuona vizuri kitu kilicho sentimita 8 hivi kutoka jichoni. Kwa mtu wa miaka 40 umbali huo huwa umesogea hadi sentimita 20 au 25, na kwa wa miaka 60 hufikia karibu mita moja. Kwa hiyo miaka ya arobaini haileti ugonjwa mpya, bali ndipo upungufu uliokuwa ukijikusanya kimya kimya unapovuka umbali tunaofanyia kazi za mikono.

Ndani ya jicho, lenzi imeshikwa pande zote na nyuzi nyembamba zilizofungwa kwenye msuli wa mviringo. Tunapotazama mbali msuli huo hulegea na kutanuka, nyuzi zikakaza, na lenzi ikavutwa hadi kuwa bapa. Tunapotazama karibu msuli hujikaza, duara lake likapungua, nyuzi zikalegea, na lenzi ikajirudisha yenyewe katika umbo la mviringo. Fikiria mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kwa ajili ya kufungia mizigo. Ukiwa mpya, ukiuvuta na kuuachia hurudi papo hapo. Ukikaa juani miaka mingi hukakamaa, na ukiuachia hurudi kidogo tu. Mkono haujapungukiwa nguvu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuachia, na kurudi ilikuwa kazi ya mpira. Ndivyo ilivyo kwa jicho: picha za MRI, yaani kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mwili, zimeonyesha kwamba msuli huendelea kujikaza hata uzeeni, lakini lenzi haiitikii. Hii ndiyo sababu mazoezi ya macho hayawezi kuirudisha hali ya awali.

Lenzi hukakamaa kwa sababu huongeza tabaka mpya za seli maisha yote bila kutupa zile za zamani. Protini zilizo katikati yake, ziitwazo kristalini, hazibadilishwi. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2008, kwa vipimo vya kaboni ya mionzi, kwamba zina umri unaokaribia ule wa mtu mwenyewe. Kadiri miaka inavyopita hushikamana na kupoteza ulaini.

Imeripotiwa kwamba watu wa nchi zenye joto hupata hali hii mapema zaidi, lakini haijathibitika kama chanzo ni joto, jua au mambo mengine ya maisha. Wanawake nao huhitaji miwani mapema, na huenda hilo linatokana zaidi na aina ya kazi na urefu wa mikono kuliko tofauti ya lenzi yenyewe.

Mwanga mkali husaidia kwa kuwa mboni husinyaa, na tundu dogo hupunguza ukungu wa picha. Lakini mzee ambaye ghafla anaanza kusoma tena bila miwani asifurahie haraka, maana mara nyingi hiyo ni dalili ya mtoto wa jicho anayeanza katikati ya lenzi na kubadilisha namna inavyopinda mwanga, na anapaswa kupimwa. Akifanyiwa upasuaji, lenzi ya bandia anayowekewa kwa kawaida haibadiliki umbo, hivyo ataona vizuri mbali lakini bado atahitaji miwani kwa kazi za karibu.