Mto Ukinyimwa Mchanga

Kila nikishuka Rwambwa, magharibi mwa Kenya, kupima Mto Nzoia, watu wa tambarare ya Budalang'i huniuliza, "Maji yamefika wapi leo?" Nawasomea namba kwenye mbao ya kupimia. Lakini namba hiyo inahusu uso wa maji tu. Kina ni habari nyingine, maana sakafu ya mto haitulii. Mzee mmoja wa mtumbwi alinionyesha kwa upondo wake: mahali uliposhuka karibu wote mwezi wa nne, mwezi wa saba uligonga mchanga ukiwa haujafika hata nusu, na mbao ilisoma vilevile.

Mto ulionifungua macho zaidi uko mbali, jangwani Arizona, Marekani. Ni Colorado, unaopita kwenye korongo la Grand Canyon. Jina ni la Kihispania, lina maana ya wekundu, kwa sababu ya tope ulilokuwa ukibeba. Mwaka 1963 bwawa la Glen Canyon lilianza kuzuia maji, na mashapo, yaani mchanga na tope, yakabaki nyuma ya ukuta. Siku hizi maji hutoka bwawani yakiwa maangavu na baridi, na mchanga unaoingia mwanzoni mwa korongo umepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Unaobaki huletwa hasa na vijito vya pembeni, kama Paria, kilomita 25 hivi chini ya bwawa.

Mafungu ya mchanga kule yana mahali pake. Mvua za ghafla husukuma mawe kutoka mabonde ya pembeni hadi mtoni, mawe yakaubana mkondo. Maji yakishapita hapo, yale ya kando hurudi nyuma yakizunguka taratibu, na mchanga hutua.

Mwaka 1996 wataalamu walifungulia maji kwa siku 7, takriban mita za ujazo 1,270 kwa sekunde, ili yainue mchanga wa sakafuni na kuupandisha kandokando. Mafungu yalikua kweli. Ila vipimo vikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mchanga huo ilimegwa kutoka mafungu mengine ya upande wa juu. Akiba waliyoitegemea sakafuni ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na maji. Mwaka 2004 walisubiri kwanza Paria ilete mchanga, ndipo wakafungulia, na nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote.

Nzoia una shida kinyume: mchanga unaujia mwingi. Chota maji yake ya masika kwenye chupa, uyaweke mezani. Mchanga hutua kabla hujavuta kiti. Tope laini huchukua saa kadhaa, na asubuhi bado kuna ukungu wa mfinyanzi. Ndivyo inavyokuwa tambarare ya Budalang'i, mto unapopunguza mwendo: mchanga hutangulia kuanguka, na kati ya matuta ya kuzuia mafuriko hauna pa kutawanyikia. Tuta likiongezwa urefu huku sakafu nayo ikipanda, wanakijiji wanabaki na hatari ileile, na inaniuma kuona tukiendelea kupima uso peke yake.

Daftari langu sasa lina safu mbili, uso na sakafu. Siku ambazo sipo, safu ya pili huijaza yule mzee kwa upondo wake, ambao tumeuchonga alama kila baada ya sentimita 10.